Tiba kwa vitendo baada ya kiharusi: tathmini ya huduma

Mama alipopata kiharusi kilichomlegeza mkono wa kulia, tulielekezwa kwenye kitengo cha tiba kwa vitendo (tiba inayomsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku) cha hospitali moja ya mkoa, ambako mtaalamu, aliyesomea fani hiyo katika hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, alianza kwa kumuuliza ni kazi gani ya nyumbani aliyoikosa zaidi. Mama akajibu: kuchambua mchele. Basi mazoezi ya wiki 6 yakafanyika juu ya ungo, kijiko chake kikazungushiwa kitambaa kinene ili kishikike, na akafundishwa kutanguliza mkono uliolegea anapovaa gauni. Kasoro ni kwamba mtaalamu alikuwa peke yake, tukasubiri hadi adhuhuri kila tulipokwenda. Hata hivyo ninaipendekeza huduma hii kwa moyo wote. Juzi Mama amejifunga kanga mwenyewe.