TAHADHARI: Muuzaji wa "dhahabu ya bibi" Uholanzi, angalieni muhuri kabla hamjatuma hela

Jamani ndugu zangu mlioko Uholanzi na Ubelgiji, hasa dada zangu mnaosaka dhahabu ya zamani ya kupeleka nyumbani kwa ajili ya harusi, kuna mtu anaweka matangazo ya vito anasema ni vya marehemu bibi yake wa Zeeland (mkoa mmoja wa Uholanzi), bei nzuri, maneno matamu, na ukimuuliza muhuri (ile alama ndogo inayogongwa kwenye kito kuonyesha ni madini gani) anakutumia picha ya karibu ya kaupanga kadogo kamegongwa nyuma, anakwambia "hii ndio alama ya dhahabu ya Kiholanzi ya zamani". UONGO. Upanga ni alama ya fedha, Waholanzi wanaigonga kwenye vitu vidogo vya fedha tangu 1814. Kwa hiyo hicho anachouza ni fedha iliyochovywa dhahabu juu, na wewe unalipa bei ya dhahabu tupu. Rafiki yangu kashalizwa hivyo, pendanti ya kile kitufe cha Zeeland chenye vidoti (wenyewe wanaita Zeeuwse knop), sonara alivyokwaruza kidogo tu weupe ukatokea.

Kwenye dhahabu ndogo ya kizamani ya karati 14 mnachotafuta ni jani la mwaloni, lile jani lenye kingo za mawimbi, halafu pembeni chapa ya fundi. Vitu vikubwa vina simba, pia kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Warumi, mwenye kofia ya vita, na ndani ya ile kofia kuna herufi inayoonyesha ofisi iliyopima, A ni Amsterdam. Alama hizi ni ndogo mno, simu peke yake haitoshi, nunueni lenzi ya sonara ya mara 10, bei yake ni ndogo ukilinganisha na hasara.

Mwingine atakuonyesha namba 333 akuapie kuwa ni ya Kiholanzi. 333 ni karati 8, na hapa Uholanzi sheria haikubali kitu kuuzwa kwa jina la dhahabu kama kiko chini ya 585 (yaani karati 14), mara nyingi hizo zinatoka Ujerumani. Kikiwa na taji na duara la jua pembeni ya namba basi hicho ni cha Kijerumani moja kwa moja, sio kibaya chenyewe, ila bei yake isiwe ya karati 14.

Sasa hili la marijani ndio linaniuma zaidi maana wamama wetu wanapenda sana. Vile vidani vyekundu vya zamani vya Kiholanzi, shanga za marijani mistari kadhaa na kufuli la dhahabu mbele au nyuma, huyu jamaa anapima kidani kizima kwenye mizani anakupigia bei kwa gramu kama vile yote ni dhahabu!! Muhuri ulioko kwenye kufuli unasema habari za kufuli tu, shanga hazimo, na shanga zenyewe zinaweza kuwa vioo au marijani ya bei rahisi iliyotiwa rangi. Hata mkufu wa dhahabu kagueni, wapo wanaochukua kufuli halali lenye muhuri wanaliungia mnyororo wa shaba, angalieni palipoungwa na ombeni muhuri wa pande zote mbili, kufuli na mnyororo.

Akikataa mkutane kwa sonara, achaneni naye. Akitaka utangulize hela kwa linki aliyokutumia WhatsApp, usiibonyeze hata kidogo. Polisi wa Uholanzi wana ukurasa kwenye tovuti yao unaingiza namba ya akaunti au ya simu ya muuzaji unaona kama ameshalalamikiwa, na kama umeshalizwa, hifadhi tangazo, picha na meseji zote kabla hajafuta, karipoti hapo hapo mtandaoni. Kwa kitu cha bei kubwa kuna ofisi rasmi za kupima, moja Gouda nyingine Joure.

Mwenye picha za matangazo yake aniletee inbox, nikusanye tumpelekee polisi kwa pamoja.