Njia za miguu za Waterland, kaskazini mwa Amsterdam: nyota nne kati ya tano

Kama uko Amsterdam na magoti yako bado yanakubali, nenda Waterland. Ni bure, na ukitoka stesheni kuu huhitaji hata gari. Panda kivuko nyuma ya stesheni, hakina nauli, shuka Buiksloterweg, kisha fuata tuta la Nieuwendammerdijk kuelekea mashariki hadi Durgerdam, kijiji cha nyumba za mbao zilizopangana mstari mmoja. Hapo mji umeishia.

Njia zinaongozwa na vigingi vyenye namba na mishale. Unaandika namba za makutano kwenye karatasi kabla ya kutoka, basi. Simu ikizima chaji hupotei.

Kipande ninachokipenda ni juu ya tuta ukishapita Durgerdam. Kulia kwako ziwa, kushoto malisho, na malisho yenyewe yako chini kuliko maji. Udongo wa huku ni mimea iliyooza kwa karne nyingi. Kadiri ulivyokaushwa ili ng'ombe wapate malisho, ndivyo ulivyozidi kudidimia. Ziwa hilo zamani lilikuwa ghuba ya bahari. Januari 1916 bahari ilibomoa matuta ikavifunika vijiji, na mkasa huo ukawasukuma Waholanzi kuifunga ghuba yote kwa tuta la Afsluitdijk, lililokamilika 1932. Ndiyo maana leo maji hayo si ya chumvi.

Ukitaka kutazama ndege wa porini, nenda Aprili au Mei. Kuna ndege aitwaye kievit, mwenye kishungi, hujirusha na kupinduka hewani kama aliyelewa. Lakini mwenye nyumba ni grutto, kifua rangi ya matofali, mdomo mrefu ulionyooka, aliyechaguliwa mwaka 2015 kuwa ndege wa taifa. Ukikaribia vifaranga vyake hukuzunguka akikufokea mpaka uondoke. Wengi wao msimu wa baridi huwa Afrika Magharibi, kwenye mashamba ya mpunga ya Senegal na Guinea-Bissau. Mwafrika mwenzangu wa nusu mwaka, tofauti ni kwamba yeye haombwi viza.

Sasa ile nyota niliyoinyima. Baadhi ya vijia vinavyokata katikati ya malisho, vile vitamu hasa, hufungwa kuanzia kama katikati ya Machi hadi katikati ya Juni ili ndege watamie kwa amani. Yaani ndege wakiwepo, kijia hakipo. Sababu naikubali, kwa kuwa idadi ya grutto imeporomoka mno tangu miaka ya 1960, ila bango la kufungwa unalikuta mwisho wa safari badala ya mwanzo. Kwa hiyo miezi hiyo baki juu ya tuta na kwenye barabara za vijiji vya Ransdorp na Holysloot. Ukiwa na darubini hukosi kitu.

Waendesha baiskeli za mbio hawapigi kengele, tembea pembeni. Choo kiombe mgahawani kabla hujatoka kijijini. Na koti la upepo ni lazima hata jua likiwaka, maana miti ya kujikinga ni ya kutafuta.