Treasure Island: kitabu, filamu zake na yule John Silver

Nimeirudia Treasure Island ya Robert Louis Stevenson, na mara hii nilipoifunga nikazitafuta na filamu zake nizitazame. Kwangu mimi kitabu bado kinaongoza kwa mbali, na sababu kubwa ni mtu mmoja: Long John Silver, mpishi wa merikebu mwenye mguu mmoja na kasuku begani.

Kisa chenyewe wengi wanakifahamu, japo kwa kusikia. Kijana Jim Hawkins anapata ramani ya hazina kwenye sanduku la baharia mzee aliyefia katika nyumba ya wageni ya wazazi wake. Anasafiri kutoka Bristol pamoja na daktari na tajiri mmoja asiyejua kutunza siri, huku mabaharia wengi waliowaajiri ni maharamia. Stevenson alianza kuiandika mwaka 1881 kule Uskoti, baada ya mchezo wa kuchora ramani ya kisiwa na mtoto wake wa kambo. Ilitoka kwanza kwa vipande katika gazeti la vijana, na mwaka 1883 ikawa kitabu.

Turudi kwa Silver. Usiku mmoja Jim anaingia ndani ya pipa kutafuta tufaha, Silver naye anakuja kukaa na kuliegemea pipa lilelile, akimshawishi baharia kijana ajiunge na uasi. Jim anasikia sifa zilezile alizowahi kumwagiwa yeye, kwa maneno yaleyale, sasa anapewa mwingine. Hasira inampanda kiasi cha kutamani kumuua palepale. Yeyote aliyewahi kuchezewa na mtu aliyemwamini ataielewa hasira hiyo.

Baadaye, kisiwani, baharia aitwaye Tom anakataa kuwasaliti wakubwa wake na kumpa Silver mgongo aondoke zake. Silver anashika tawi la mti, anamtupia gongo lake la kutembelea mgongoni kwa nguvu zote, kisha anamrukia na kumchoma kisu mara mbili. Akimaliza, anakifuta kisu kwa majani. Jim anayaona yote akiwa kichakani. Ajabu ni kwamba sura kadhaa mbele, Silver huyohuyo anasimama kumkingia kifua Jim mbele ya maharamia wenzake, na msomaji anajikuta anampenda tena! Stevenson hakuamulii. Anakuachia mtu mzima, mwenye ukatili wake na ucheshi wake, mpaka anapotoroka na mfuko wa fedha na habari zake kuishia hapo.

Filamu nyingi hazina subira hiyo. Ile ya Disney ya 1950 ina Robert Newton, ambaye lafudhi yake ya kusini-magharibi mwa Uingereza imeigwa na maharamia wa sinema hadi leo. Anaigiza kwa raha, nami nilifurahi kumtazama, lakini mwishoni Jim mwenyewe anamsaidia kusukuma mashua atoroke. Inagusa moyo, ila inamlainisha mno Silver yule aliyemchoma Tom kisu.

Ya 1990 ndiyo niipendayo. Charlton Heston ndiye Silver, mwanawe Fraser ndiye mwongozaji, na Jim ni Christian Bale akiwa bado kijana mdogo. Heston haombi kupendwa. Akitabasamu, unaangalia mikono yake. Christopher Lee naye, kama Pew, haramia kipofu, anaonekana kwa muda mfupi tu lakini anatisha kwelikweli.

Ya vikaragosi vya Muppet, ya 1996, ina nyimbo nzuri na Tim Curry anayeonekana kuifurahia kila dakika. Treasure Planet ya 2002 imehamishia kila kitu angani; inapendeza macho, na Silver wake anakaribia kuwa baba mlezi.

Kitabu kina ugumu wake. Kiingereza cha mabaharia wa karne ya 18 kinachosha mwanzoni, na katikati sura tatu zinasimuliwa na daktari badala ya Jim, mwendo ukapungua kidogo. Ipo tafsiri ya Kiswahili ya zamani, Kisiwa Chenye Hazina ya Frederick Johnson, na ukibahatika kuipata usiiache. Kitabu chenyewe cha Kiingereza kinapatikana bure mtandaoni kwa sababu hakimiliki imeshakwisha. Kwa watoto wadogo, ya Muppet inatosha. Kijana anayeweza kusoma mwenyewe apewe kitabu kwanza, halafu ndipo aonyeshwe ya 1990.