Bima ya gari: bei ni ileile, tafuta anayelipa

Watu wengi huniuliza ni bima gani ya gari iliyo rahisi. Kwa bima ndogo, ile inayolipa hasara uliyomsababishia mtu mwingine tu, hakuna cha kuzungukia mjini. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) imeweka kiwango cha chini, na kwa gari dogo la binafsi tumezoea shilingi 100,000. Ukiweka VAT ya asilimia 18 unatoa 118,000. Anayekuuzia kwa 80,000 muogope. Tofauti ya kampuni na kampuni utaiona siku ya ajali, kwa hiyo mimi nazipanga kwa namna zinavyolipa.

Ya kwanza kwangu ni kampuni ndogo ya ndani yenye ofisi ya kweli mkoani kwako. Ofisi ya kweli ni ile ambayo meneja wake anaweza kuidhinisha malipo. Nililijua hilo kwa maumivu. Nikiwa na bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, ya kampuni yenye jina, jioni moja nilimgonga ng'ombe karibu na Magu: bampa, taa ya kulia, rejeta. Ofisi yao Mwanza ilikuwa meza moja na kijana mpole. Fomu ya madai, ramani ya ajali ya polisi, nakala ya leseni, makadirio ya gereji, vyote alivipokea na kuvituma Dar. Gari lilikaa gereji miezi mitano, bampa limefungwa kwa kamba ya katani, kuku wanalala chini yake.

Ajali iliyofuata nilikuwa kwa kampuni ndogo. Mkaguzi wao alifika gereji kesho yake, akapiga picha, akabishana na fundi bei ya taa hadi wakaelewana. Wiki ya tatu gereji ilikuwa imelipwa.

Lakini udogo peke yake si sifa. Hakikisha kampuni ina leseni ya TIRA ya mwaka huu, na uliza nani anawabebea bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni ya bima hujikatia yenyewe, maana madai makubwa mawili yanaweza kuitikisa kampuni isiyojikinga. Kisha nenda gereji kubwa ya mji wako umuulize fundi mkuu ni kampuni gani zinazolipa. Yeye ndiye anayezisubiri hizo hela, na hatakuficha.

Ya pili ni mashirika ya umma, NIC kwa Bara na ZIC kwa Zanzibar. NIC ipo tangu 1963 na ina matawi mikoani. Kama kwenu hakuna kampuni ndogo ya maana, anzia hapo.

Benki naiweka ya tatu. Ukiwa na mkopo wa gari watakudai bima kubwa, na ni rahisi kusaini palepale kaunta. Ila benki ni wakala tu. Siku ya madai utakutana na kampuni usiyoijua. Uliza kabla ya kusaini kama wanakubali bima ya kampuni uliyoichagua mwenyewe.

Wa mwisho ni wakala wa barabarani anayetaka pesa iingie kwenye simu yake. Wapo waaminifu wenye leseni, lakini lipa kwa namba ya kampuni, kisha hapohapo ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA mtandaoni. Bima ikionekana hai, ondoka. Isipoonekana, usiwashe gari.

Pesa ya kuokoa ipo kwenye bima kubwa, ambayo kwa gari la binafsi huanzia asilimia 3.5 ya thamani. Chukua Toyota IST ya milioni 12: ni 420,000, na VAT inafika 495,600. Watu wengi huhuisha bima kwa thamani ya miaka mitatu nyuma. Ukiiandika bado ni milioni 16 unalipa 660,800, na gari likiibwa utalipwa thamani yake ya siku hiyo. Zaidi ya laki moja na nusu imekwenda bure. Usishushe chini ya ukweli pia: ukilikatia gari la milioni 12 bima ya milioni 8, kampuni inaweza kukulipa theluthi mbili tu ya hasara.

Kama hukudai mwaka mzima, omba punguzo kwa barua, usingoje wakukumbuke. Ili bima ishuke, kubali pia kulipa mwenyewe sehemu kubwa kidogo ya gharama ya kila ajali, mradi pesa hiyo unayo benki. Kwa gari la milioni 4 mimi ningekata bima ndogo na kuweka akiba tofauti inayobaki.

Na kama gari lako linabeba abiria wa Bolt jioni, sema wazi unapokata bima. Bima ya binafsi kwenye gari la biashara ndiyo sababu nyepesi kuliko zote ya kukataliwa madai, na hapo hata kampuni niliyoiweka ya kwanza haitakusaidia.