Kitabu cha simu cha kaunti yetu, cha zamani na kipya: uzoefu wangu

Nina duka dogo la cherehani katika mji mdogo mashariki mwa jimbo la Iowa, Marekani, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka Cedar Rapids. Napunguza suruali, nabadilisha zipu, nashona magauni ya harusi za Wakongomani na Warundi wanaofanya kazi viwandani huku. Tangazo langu limo kwenye kitabu cha simu cha kaunti yetu kwa mwaka wa saba sasa. Kwa hiyo nakizungumzia kama mteja anayelipa, na pia kama mtu ambaye kilimfaa siku ya shida.

Siku yenyewe ilikuwa ile ya 10 Agosti 2020. Aliyekuwa Iowa hasahau. Mchana kweupe anga liligeuka rangi ya kijani kibichi, kisha ukaja upepo wa moja kwa moja ambao wenyeji wanauita derecho. Huko Cedar Rapids ulikadiriwa kufikia kilomita 225 kwa saa. Miti mikubwa iling'oka na mizizi yake, nguzo za umeme zikalala chini, mitandao ya simu za mkononi ikakata. Kwetu umeme ulirudi siku ya tisa.

Mwanangu wa pili ana pumu, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imebaki kidogo sana. Namba ya famasi ilikuwa ndani ya simu yangu, na simu ilikuwa imezima. Nikavuka barabara kwenda kwa bibi jirani yetu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 86. Ana simu ya ukutani jikoni, ya laini ya zamani ya waya wa shaba uliofukiwa ardhini. Simu za namna hiyo hupata umeme wake kutoka kituoni, kwenye betri za kampuni, si kwenye soketi ya nyumbani. Nilipoinua mkono wa simu nikasikia mlio, nusura nilie.

Lakini mlio bila namba hausaidii. Bibi akafungua droo, akatoa kitabu cha simu na lenzi yake ya kukuzia. Tukakipeleka dirishani kwenye mwanga. Herufi zilikuwa ndogo kama punje za ulezi, safu nne kwa ukurasa, karatasi nyembamba mpaka maandishi ya nyuma yanaonekana mbele. Yeye alishika lenzi, mimi nikafuata mistari kwa kidole. Famasi mbili za kwanza hazikupokea. Ya tatu ikapokea, mji wa pili kutoka kwetu, wakaniambia njoo, wanatumia jenereta. Mume wangu akaendesha akizunguka miti iliyolala barabarani, akarudi na dawa jua likizama.

Tangu siku hiyo sikubali mtu aseme kitabu cha simu ni takataka. Ila kile cha zamani, kwa kweli, kilikuwa na kasoro nyingi. Kilijumuisha kaunti tano kwa pamoja, kikubwa na kizito, na nusu ya kurasa ni za miji ambayo sijawahi kufika. Kililetwa kwa kutupwa mbele ya nyumba ndani ya mfuko wa plastiki, tupende tusipende. Mwaka mmoja chetu kilikaa chini ya theluji hadi Machi, kilipotoka kimevimba kama mkate uliolowa. Nilimwona jirani mwingine akikichukua pale chini na kukipeleka moja kwa moja kwenye pipa.

Na mimi binafsi wachapishaji wake waliniumiza. Mwaka wangu wa pili, tangazo langu liliwekwa kwenye kundi la madobi badala ya mafundi cherehani. Mwaka mzima nilipokea simu za watu wenye mablanketi machafu na mazulia, huku wanaotaka kushonewa hawanioni. Kosa la kwenye mtandao unalirekebisha siku ileile. Kosa la kitabu unaishi nalo miezi 12. Nililalamika, wakaniomba radhi, na mwaka uliofuata hawakunitoza. Nilishukuru, lakini wateja waliopotea hawakurudi.

Basi mwaka 2022 mchapishaji akatangaza kuwa anataka kukibadilisha kitabu, akaita watu maktaba jioni mbili. Nilikwenda zote mbili, na bibi jirani nilimbeba kwenye gari langu. Mbunifu wao alikuja na sampuli tatu zilizochapwa kweli, si picha za kwenye skrini. Akamkabidhi bibi, akamwambia atafute namba ya daktari wa meno, kisha akakaa kimya akimwangalia. Sijawahi kuona kampuni ikifanya hivyo. Sampuli ya kwanza bibi alishindwa. Ya pili alipata baada ya kuhangaika. Ya tatu alipata bila lenzi, na mbunifu akaandika kitu kwenye daftari lake.

Yule mama mbunifu alipenda sana kazi yake, akatuonyesha kitu ambacho hadi leo sijaacha kukifikiria. Alitoa ukurasa wa kitabu cha zamani cha mji mkubwa, akatupa kioo cha kukuzia. Kwenye kona za herufi kulikuwa na vijipengo, kama mtu amezikata kwa wembe. Akaeleza kwamba muundo huo wa herufi unaitwa Bell Centennial, ulichorwa na Matthew Carter kwa ajili ya kampuni ya simu ya AT&T mwaka 1978. Mashine za kuchapa vitabu vya simu zilikwenda kasi na karatasi ilikuwa duni, wino ukitambaa. Vile vijipengo viliachwa makusudi ili wino ujaze pale, herufi itoke kamili. Ni kama mimi ninavyoacha nafasi ya mshono: asiyejua anadhani nguo ni kubwa, kumbe ndiyo itakayokaa vizuri. Na jina lenyewe, alisema, lilikuwa la kuadhimisha miaka 100 ya Bell, jina la zamani la kampuni hiyo ya simu. Mwaka 1878, kule New Haven, Connecticut, kitabu cha kwanza cha simu kilikuwa karatasi moja tu yenye wateja 50, na namba hazikuwepo kabisa. Unamtajia opereta jina, anakuunganisha.

Kitabu kipya kilitoka 2023. Ni cha kaunti yetu peke yake, saizi ya daftari la shule, na kwenye kona ya juu kina tundu la kukitundika kwenye msumari. Changu kinaning'inia kando ya cherehani. Safu ni mbili kwa ukurasa, herufi nene, karatasi nzito kiasi kwamba upande wa pili hauonekani. Sehemu ya biashara imebaki ya njano. Hakitupwi tena nje: unakikuta maktaba, benki, kanisani na dukani, au unapiga simu wakuletee mlangoni. Kwa wazee wanaleta wenyewe.

Kurasa mbili za mbele ndizo ninazowasifia zaidi. Kuna 911 ya dharura, 988 kwa mtu aliyezidiwa na mawazo ya kujidhuru, namba iliyoanza kutumika Julai 2022, 211 ya kuuliza misaada ya kijamii, na 1-800-222-1222 ya wataalamu wa sumu, mtoto akinywa kitu kibaya. Hata 811 imo, ya kupiga kabla hujachimba uani usije ukakata bomba la gesi. Yote haya yameandikwa kwa Kiingereza, Kihispania, Kifaransa na Kiswahili.

Kiswahili hicho kina hadithi. Rasimu yao ya kwanza ilikuwa imetafsiriwa na mashine. Zimamoto iliandikwa "idara ya moto", na mtu aliyelewa hivyo angeweza kudhani ni ofisi ya kuni. Nilipoiona pale maktaba niliinua mkono, wakanipa kazi ya kuiandika upya, na wakanilipa. Sikutaka kuandika Kiswahili cha Tanga peke yangu, kwa hiyo nikaipeleka kwa dada zangu wawili wa Kikongomani ambao ni wateja. Mmoja akaniambia, "Dada, hii zimamoto kwetu hawaijui, sisi tunasema pompiers." Mwingine akauliza kwa nini nimeandika namba na sio numero. Tulikaa dukani hadi usiku, chai inapoa. Mwishowe tukaweka maneno yote mawili pale yanapotofautiana, na chini tukaongeza sentensi moja ya Kiingereza ambayo mtu anaweza kumsomea opereta, ya kuomba mkalimani wa Kiswahili. Wiki moja baada ya kitabu kutoka, mama mmoja alikuja dukani, akaweka kidole kwenye sentensi ile, akaniomba nimfundishe kuitamka. Tuliirudia mpaka akaridhika.

Kuhusu misaada yao kwa jamii, sifa hazitoshi peke yake, kwa hiyo naandika nilichokiona. Sehemu ya fedha za matangazo inakwenda kwa maktaba na kwa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, na hesabu yake imechapwa ukurasa wa mwisho, kiasi kwa kiasi. Picha ya jalada inachorwa na wanafunzi, na mshindi anapewa fedha ya vitabu. Kila Aprili watoto wanakusanya vitabu vya zamani kwa mikokoteni, shule inalipwa kwa kila rundo, na karatasi inakwenda kusagwa kuwa vihami joto vya kuta za nyumba. Binti yangu alisukuma mkokoteni huo mwaka jana, akarudi na mikono myeusi ya wino, akajivuna kwelikweli.

Sasa lililobaki, na hili nimewaambia ana kwa ana. Namba za simu za mkononi haziingii kitabuni zenyewe. Zinazoingia ni za laini za nyumbani. Sisi wahamiaji karibu wote hatuna laini ya nyumbani. Ukifungua kurasa nyeupe, zile za majina ya watu, utadhani mji huu hauna Mkongomani, Mrundi wala Mtanzania hata mmoja, wakati kanisani Jumapili viti havitoshi. Tena wenzetu wanaochapwa hupangwa kwa jina la mwisho. Mume wangu aliwekwa chini ya jina la babu yake, ambalo hakuna mtu anayemwita, na fundi aliyemtafuta alikata tamaa.

Wamekubali kujaribu. Toleo lijalo kila mtu ataweza kuandikisha namba ya mkononi kwa hiari, bila malipo, na kuchagua jina la kutangulia. Fomu ziko maktaba na kwangu dukani, na mwisho wa kuzirudisha ni 31 Oktoba. Ukija, njoo na jina unaloitwa na watu.