Kifaa cha kufukuza mbwa kwa sauti: nilivyokiona kwenye viwanja vya Nala na Michese

Nilikinunua kwa shilingi 38,000 kwenye duka la vifaa vya simu, jirani na soko la Majengo, Dodoma. Boksi lina picha ya mbwa mwenye kichwa kikubwa kama ndoo, anarudi nyuma kwa woga. Muuzaji akaniapia: "Kaka, hata pitbull anakimbia."

Mimi ni msaidizi wa mpima ardhi. Nabeba stendi ya miguu mitatu, nafyeka njia, nachimbia bikoni, yaani vile vijiwe vya kuonyesha mipaka ya kiwanja. Pitbull sijawahi kumwona Nala wala Michese. Ninaokutana nao ni mbwa wa mapagale. Kwa msioijua Dodoma ya sasa: mwenye kiwanja yuko Dar, kajenga mpaka lenta, hela ikakata, akaacha mlinzi na mbwa watatu. Mlinzi mshahara wake unachelewa, na mbwa wanakula siku mlinzi akila. Mchana wamelala kivulini, huwaoni. Ukisogea kwenye kona ya ukuta kutafuta bikoni ya zamani, wanatoka wote, kimyakimya. Anayebweka kutoka mbali hanisumbui sana, huyo anaongea. Wa kuogopwa ni yule anayekuja ameinamisha kichwa, mwili umekakamaa.

Kifaa chenyewe kinaenea kiganjani. Kina kitufe, tochi, na taa nyekundu inayowaka ukibonyeza. Kinatoa sauti nyembamba mno ambayo mtu haisikii. Sikio la binadamu, tena la kijana, linafika kama hezi 20,000, yaani mitetemo kwa sekunde. Mbwa anasikia kupita 40,000. Hapo ndipo penye tatizo langu la kwanza. Betri ikiwa imechoka, taa bado inawaka vizuri, lakini kama sauti inatoka au haitoki nitajuaje? Anayeweza kunijibu ni mbwa, na jibu lake silitaki.

Boksi linasema mita 15. Mimi naona matokeo mbwa akiwa hatua tano au sita, na mbele pakiwa wazi. Sauti ya aina hiyo inafifia haraka hewani, na tofali au bati likiwa katikati inazuiwa. Mbwa mzee ambaye masikio yameshakufa anakuangalia tu.

Kinapofaa, kinafaa kweli. Wale mbwa koko wa njiani, wanaokimbiza baiskeli na bodaboda kwa kujifurahisha kuelekea Nkuhungu, wanasimama, wanatikisa masikio, wanageuza njia. Alfajiri tochi inasaidia zaidi ya sauti. Ila mbwa aliye kwenye pagale lake, hasa jike mwenye watoto, nimemwona akisita kidogo halafu akaendelea kuja. Wawili watatu wakija pamoja ndiyo kabisa: ukimwelekezea mmoja, mwenzake anazunguka nyuma.

Kilichonitoa hapo ni stendi. Unaifungua miguu, unaiweka kati yako na wao, unasimama ubavu bila kuwakodolea macho, unarudi nyuma polepole. Hukimbii. Kuinama kama unaokota jiwe kunafanya kazi kwa koko wengi, maana wameshapigwa mawe maisha yao yote, lakini mbwa aliyefunzwa kulinda anaweza kuchukulia kuinama kwako ndiyo nafasi. Kubwa zaidi: kabla ya kuingia, piga hodi kwa sauti. "Mbukwenyi!" moja ya nguvu, salamu ya Kigogo, inamtoa mzee mlinzi, na yeye akisema neno, mbwa wanarudi kulala.

Bosi wangu ana msimamo wake, na kila tukikaa kula chipsi mayai anaurudia: serikali ipige marufuku mbwa hatari kama Uingereza. Ni kweli wenzetu wana sheria tangu 1991, inataja pitbull, tosa wa Japani, dogo argentino na fila brasileiro. Mimi namjibu kwamba miaka zaidi ya 30 baadaye wamelazimika kuongeza XL Bully, na kuanzia Februari 2024 kumfuga England na Wales bila cheti maalumu ni kosa. Kila wakifunga mlango mmoja, wafugaji wanatengeneza mbwa mwingine. Bosi ananibana kwamba dume la kilo 50 likikushika si sawa na koko wa kilo 15, na hapo sina ubishi. Lakini kwenye viwanja vyetu sheria ya majina ya mbwa ingemgusa nani? Koko hana jina kwenye orodha yoyote. Ningependa imguse mwenye pagale: mbwa wako ale, achanjwe, afungwe mchana, akimng'ata mtu ugharamie matibabu.

Nasema achanjwe kwa sababu kichaa cha mbwa hakiangalii ukubwa wa meno. Dalili zikishamtokea mtu, kupona ni karibu na hakuna. Kwa hiyo begi langu lina kipande cha sabuni ya mche na chupa ya maji. Ukikwaruzwa au uking'atwa, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo, na uzimalize dozi zote hata kama kidonda kimefunga. Sabuni hiyo haifiki hata shilingi 1,000, na ndiyo ningeinunua kwanza.

Nyota mbili na nusu kati ya tano. Kama unaendesha baiskeli au unakimbia asubuhi barabarani, nunua, lakini usizidishe 25,000. Kama kazi yako ni kuingia kwenye maeneo ya watu, hela hiyo ongezea fimbo ndefu. Na mwambie muuzaji mkakijaribu kwanza kwa mbwa wa jirani yake kabla hujalipa, wangu alikataa.