TAHADHARI: Mzee anayeuza "bastola ya Mjerumani" Iringa, kanila milioni mbili na nusu

Jamani wa Iringa, Mafinga, Makambako mpaka Mbeya, someni hii na muwatumie wengine. Kuna mzee anazunguka na kijana wake, wanauza bastola ya zamani wanayosema ni ya yule Mjerumani aliyeuawa na Wahehe kule Lugalo ya Iringa. Ni matapeli hao. Wamenila milioni mbili na nusu, taslimu milioni moja, na milioni moja na nusu nyingine nikatuma kwa simu, na mume wangu hata kumtazama usoni naona aibu.

Nina kona yangu ya vitu vya kale pale lodge, wengine mnaijua. Huyu mzee aliijua pia kabla hajanipigia, maana alinitajia mpaka kile kigoda cha marehemu bibi na zile rupia nilizoziweka kwenye kioo. Simu ilianza na "Kamwene mnyalukolo", Kihehe kimenyooka kabisa, akaniuliza mimi ni wa ukoo gani, nikamwambia, akataja majina ya watu wa kwetu ambao ni kweli wapo. Sasa mtu mzima anaongea hivyo, umemwamkia shikamoo baba kaitikia marahaba mwanangu, utaanzia wapi kumshuku?

Akaja magharibi, taa ndo zinawashwa. Akakataa kukaa barazani, akasema kitu chenyewe si cha kuonyesha watu wanaopita, tukaingia chumba cha nyuma. Akaomba maji anawe mikono. Yaani alinawa taratibu, akajifuta na leso yake, ndo akafungua begi. Ndani kuna kaniki, ndani ya kaniki kuna kitambaa cha gunia, harufu ya mafuta ya cherehani ikajaa chumba kizima. Nikanyoosha mkono akanizuia, akasema babu alikataza isiguswe na mtu ambaye hajaambiwa ilikotoka. Kijana wake kimya, kainamisha kichwa kama yuko msibani.

Akaanza kusimulia. Tarehe 17 Agosti 1891, Zelewski, kamanda wa Wajerumani, yule wazee wetu walimwita Nyundo, anapita na jeshi lake Lugalo, Wahehe wako kwenye majani na mikuki. Haya yote ni kweli jamani, si ya kutunga, kila mtoto aliyesoma Iringa anajua Mjerumani alipigwa pale na bunduki kama 300 zikabaki mikononi mwa Mkwawa, Mtwa wetu, yaani chifu wa Wahehe. Na inajulikana aliyemchoma Zelewski mkuki alikuwa kijana mdogo tu. Mzee akasema kijana huyo ndiye babu wa baba yake, na bastola ilitoka kiunoni kwa marehemu. Akanyamaza, akafuta jicho. Mimi nililia kweli, na sioni kwa nini nisilie, hiyo ni historia ya kwetu, sisi mpaka fuvu la Mtwa lilikaa kwa Wajerumani likarudishwa 1954, leo mtu anakuletea kitu cha Lugalo mpaka ndani kwako uache kutetemeka?

Nikauliza, msije mkasema sikuuliza. Nikamwambia baba, bastola ni silaha, mimi sina leseni na sitaki matatizo na serikali. Akatoa barua ina nembo, ina mhuri wa bluu, ina sahihi, imeandikwa kwamba silaha imekaguliwa, mtutu umezibwa, pini imekatwa, haiwezi kufyatua, inaruhusiwa kuhifadhiwa kama kumbukumbu. Akachukua tochi akanimulikia kwenye mtutu, kweli umezibwa. Akabonyeza kitu, silinda ikachomoka pembeni, tak, nikahesabu matundu sita. Juu ya mtutu pameandikwa 1898. Nikamuuliza, Lugalo si ilikuwa 1891? Akajibu hapo hapo bila kumeza mate: 1898 ndo mwaka Mkwawa alipojiua, Wajerumani wakaikamata tena bastola wakaigonga mwaka huo kwa furaha yao, na babu akaiiba upya usiku. Mtu ana jibu la kila kitu namna hiyo! Angebabaika hata kidogo ningestuka.

Kilichonimaliza ni simu. Tukiwa kwenye bei, yeye kang'ang'ania milioni nne, simu yake ikaita, akaweka sauti ya nje. Mtu anaongea Kiswahili cha kizungu kizungu, anasema yuko Arusha, anatoa milioni kumi, kesho asubuhi anatuma gari. Mzee akamjibu kwa hasira: "Nimeshakwambia haitoki Uhehe, hata ulete milioni mia." Akakata. Akanigeukia, akasema mwanangu nipe ulichonacho, ilale kwa watu wake. Nikaenda kabatini nikatoa milioni, nyingine nikatuma kwenye namba aliyonitajia, jina likaja la mwanamke, akasema ni la mkwe wake. Wakanywa chai, wakala na mihogo, wakaniombea dua kabisa!! Wakaondoka na Noah ya kijivu.

Sasa ukweli. Kuna mzee wa Kihesa alikuwa fundi wa silaha jeshini, kastaafu siku nyingi. Nilimwita aje aniandikie maelezo ya kuweka kwenye kioo. Aliishika tu akaniangalia. Akasema nyepesi hii. Akaomba sumaku, kijana wangu akakimbia kuleta ile ya spika mbovu, akaiweka kwenye mtutu, ikateleza ikaanguka mezani. Akaweka kwenye silinda, ikaanguka. Ikashika skrubu peke yake. Na skrubu zenyewe akanionyesha ni za nyota, zile za kufungua kwa bisibisi ya nyota, akasema mama, hizi zimeanza Marekani miaka ya 1930, huyo Zelewski alizitoa wapi? Akakwangua kidogo chini ya mpini kwa kisu, ile rangi ya kutu ikatoka kama rangi ya kiatu, chini yake panang'aa cheupe cheupe. Si chuma, ni bati la kuyeyusha, toi la kupambia, limepakwa dawa lionekane la zamani. Hata mstari wa pale vipande viwili vya fomu vilipokutana upo, unapita chini ya mtutu mpaka kwenye triga, umesuguliwa juu juu tu.

Huyo fundi kanieleza vitu ambavyo ningekuwa navyo siku ile ningemfukuza yule shetani na mbwa. Bastola ya jeshi la Mjerumani ya enzi hizo ni ile ya 1879, na ile fupi yake ya 1883. Ni ya chuma, karibu kilo nzima mkononi. Inakula risasi sita nene za milimita kumi na ushee, lakini silinda yake HAICHOMOKI pembeni, wala bastola haikunjwi katikati kama zile za Waingereza za Webley. Kuna kijimlango upande wa kulia, unaingiza risasi moja moja, na maganda unayasukuma moja moja kwa kijiti. Upande wa kushoto kuna kilimi cha kuifunga isifyatuke. Chini ya mpini kuna pete ya kamba. Mihuri yake ni ya kiwanda, taji na jina Erfurt na mwaka ilipotengenezwa, nyingine zimetoka Suhl au Sömmerda, na namba ya bastola inagongwa kwenye sehemu zaidi ya moja, zinatakiwa zifanane. Ya kwangu haina namba popote. Hiyo "tak" ya silinda niliyoifurahia ndo ushahidi kwamba hata anayetengeneza hajawahi kuiona ya kweli.

Na bei nayo. Alinidanganya huko Ulaya inauzwa dola elfu hamsini. Fundi anasema wanunuzi wa kweli wanaangalia namba zinafanana au la, rangi ya chuma ya mwanzo ipo au imesuguliwa, mihuri ya kikosi, na karatasi za kuonyesha imepita kwa nani na nani. Stori bila karatasi haiongezi hata shilingi.

Nikaenda polisi na toi langu na barua yangu. Afande kaisoma barua akasema hakuna kitu kama hiki, mhuri umechongwa. Tena akaniambia nishukuru ni toi, maana ingekuwa bastola ya kweli bila leseni, kwa sheria ya silaha ya 2015, ningelala ndani mimi na yule mzee angekuwa anakula hela yangu. Nishukuru! Mtu kaleta kitu ndani kwangu kinachoweza kunipeleka jela, akaniombea na dua, halafu yuko nje anatembea. Huyu akikamatwa asipewe dhamana, afungwe, alime shamba la gereza mpaka mgongo upinde, na huyo binti wa namba ya simu naye aje aeleze, na huyo Mzungu wa uongo wa Arusha, wote. Kutapeli ni kutapeli, lakini kuchukua damu ya watu waliokufa Lugalo ukaifanya mtaji, hapana, hilo sitamsamehe hata akinirudishia hela na riba. Wazee wa ukoo aliowataja nimeshawapigia, hawamjui, na wamekasirika kuliko mimi.

Kwa hiyo: akija magharibi na hataki mchana, shtuka. Sumaku iwe karibu, ingawa ikishika haina maana ni ya kweli, maana feki za chuma nazo zipo. Simu ya mnunuzi mwingine ikiita katikati ya bei, mwambie auze huko. Barua ya polisi ipelekeni kituoni KABLA ya hela, na kitu chochote cha namna hiyo msikipokee ndani hata kwa dakika, kitu kikaguliwe hukohuko kituoni na yeye akiwepo. Atakataa. Mengine nitaongeza nikitulia.

Mzee ni mrefu, mweusi, kofia ya pama, jino la mbele la juu halipo, anaongea taratibu sana. Namba zake polisi wanazo. Na dada mmoja wa Makambako kaniambia sasa hivi wamempigia wana saa ya mfukoni ya huyo huyo Zelewski, kwa Kibena safari hii. Akikupigia na wewe, mkubalie, mpe saa ya kuja, mpikie na chai, halafu piga simu polisi kabla hajafika na mimi nijulishe, nitapanda gari usiku huo huo.